Shikamoo ya Akiba

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mteja anataka betri kubwa kiasi gani. Alimuuliza, "Utaivuta na nini?"

Wengi hawakulipenda swali hilo. Mtu ametoka zake mbali, amepenya katikati ya mikokoteni na wauza soksi wa Kariakoo, amefika dukani kwetu jasho linamchuruzika, anataka betri ya sola aondoke zake, halafu mzee aliyevaa kofia ya kushonwa kwa mkono anaanza kumhoji kama mkwe mtarajiwa. Taa ngapi? Kuna feni? Kuna friji? Pasi je? Akisikia pasi, baba alikunja uso kama mtu aliyeng'ata pilipili manga ndani ya pilau. Kisha alimvutia mteja kigoda, akamkalisha, akaanza kumweleza. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikisonya kimoyomoyo, maana wakati yeye anaeleza, duka la jirani linauza.

Mimi si mtu wa subira, na yeye alilijua hilo kabla yangu. Alikuwa na mchezo wa kuwagawa watu kwa vyombo vya umeme, kulingana na jinsi wanavyomchosha mwenzao. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho, alikuwa taa: anakaa na wewe siku nzima na hujui kama yupo. Shangazi yetu, dada yake mdogo baba, alikuwa feni, kelele nyingi lakini hana madhara. Mimi nilikuwa pasi. "Huyu akikaa na mtu robo saa," aliwaambia wateja mbele yangu, "mtu anaona giza." Nikikasirika alicheka mpaka kofia inateleza, na alivyozidi kucheka ndivyo nilivyozidi kukasirika. Wateja walitupenda kwa sababu hiyo, nadhani. Sasa nauza peke yangu, na hakuna anayecheka.

Kwa asiyejua, betri ya sola si kama ya gari. Ya gari hutoa nguvu nyingi kwa mara moja. Injini ikishawaka kazi yake imekwisha. Ya sola imetengenezwa kwa mabamba manene ya madini ya risasi ili itoe kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ubavuni ina namba, tuseme ampea-saa mia mbili, na namba hiyo ndiyo inayowaponza watu. Wanaisoma kama ujazo wa ndoo. Ndoo ya lita ishirini, uimwage kwa pupa au uichote kwa kikombe, maji ni yale yale. Betri si ndoo. Namba ile ilipatikana kwa kuivuta polepole, kwa saa ishirini. Ukiivuta kwa nguvu ili uimalize kwa saa mbili tatu, hupati yote yaliyoandikwa. Sehemu yake inabaki humo humo ndani, na betri inakwambia imeisha.

Baba alikuwa na mfano wake wa kueleza jambo hilo, na aliutumia mpaka nikauchoka. "Ni kama jikoni kwenye shughuli," alisema. "Pilau ipo, sufuria limejaa. Lakini wapakuaji ni wawili, na wageni wote wamenyoosha sahani kwa wakati mmoja. Wa mbele wanapata, wa nyuma wanaondoka na njaa, wanaenda kusema shughuli ile chakula hakikutosha. Chakula kilitosha. Hakikuwahi kufika." Ndani ya betri ni hivyo hivyo: tindikali iliyo karibu na mabamba inatumika haraka, na ile ya mbali haiwahi kufika kushika nafasi yake.

Nakumbuka dada mmoja mwenye saluni Buguruni. Alinunua betri, na kesho yake akarudi nayo kwenye mkokoteni, amefura.

"Mzee, umenipiga! Nimekausha vichwa viwili tu, imekata. Betri gani hii?"

"Pole, mwanangu. Uliivuta na nini?"

"Na draya. Si nina saluni?"

"Uliniambia taa na redio."

Dada akanigeukia mimi, akidhani mwanamke mwenzake nitamsaidia. Nilikuwa na jibu la Kariakoo mdomoni, baba akanikata jicho. Aliishusha betri, akaiweka juu ya meza bila kuichaji, akaenda kuswali Adhuhuri. Aliporudi aliiunganisha na taa moja ndogo. Ikawaka. Dada akabaki anaitazama. Jioni tulifunga duka taa inawaka, na asubuhi tulipofungua ilikuwa bado inawaka.

"Kumbe haikuwa imekufa," dada alisema alipokuja kuichukua.

"Haikufa, ilizidiwa," baba alimwambia. "Ukiipumzisha inakurudishia kidogo ilichobakiza. Ila usiizoee hivyo. Ukiikamua kila siku utaiua kweli."

Kuzidiwa ndilo neno tunalolitumia pia kwa mgonjwa ambaye hali yake imekuwa mbaya. Wakati ule sikulitilia maanani.

Ugonjwa wa baba ulianzia kwenye ngazi. Tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya pili ya jengo la zamani lenye maduka ya vitambaa chini, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama kama za mnara. Alianza kupumzika katikati ya ngazi akijifanya anamsubiri mtu. Kisha miguu ikavimba, kisha akawa hawezi kulala ila ameegemea mito. Daktari, binti wa umri wa mdogo wangu, alituambia moyo wake umetanuka na umechoka, hausukumi damu kama unavyotakiwa. Alimwandikia dawa, halafu akaniita pembeni. "Dada, nguvu alizonazo ndiyo hizo. Asichoshwe." Nikamuuliza ni nguvu za muda gani. Akasema inategemea atakavyozitumia. Nilitoka pale nimemkasirikia daktari yule, kwa sababu jibu lake nililielewa kuliko alivyodhani.

Mdogo wangu alikuwa ameshaposwa. Mchumba alikuwa fundi friji kutoka Tanga, kijana mtaratibu, wa maneno machache. Baba aliposikia kazi yake alinong'ona, "Friji! Mungu atusitiri," akacheka, kisha ikamchukua muda kuirudisha pumzi yake. Tulikubaliana ndoa ifungwe nyumbani kwetu baada ya Ramadhani, ili asishuke ngazi. Akaomba jambo moja tu, amuozeshe binti yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Baba ndiye walii wa binti. Humshika bwana harusi mkono na kutamka maneno ya kumuozesha, na akiwa hawezi anaruhusiwa kumwachia mtu mwingine, sheikh au ndugu, aozeshe kwa niaba yake. Sheikh alimweleza hivyo kwa upole. Baba akakataa. Ndoa yangu mimi alikuwa amemwachia baba mdogo, kwa kuwa alikuwa safarini kufuata mzigo, na ndoa ile haikudumu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hiyo ndiyo sababu, na mimi siamini kwamba ndiyo, maana sababu naijua na ilikuwa na miguu miwili. Lakini baba alilibeba jambo lile. "Huyu nitamtamkia mwenyewe," alisema, bila kunitazama. Nikaapa moyoni kwamba atatamka, hata kama nitagombana na ukoo mzima.

Na ukoo mzima niligombana nao kweli, kwa sababu niligundua kwamba wanaommaliza ni wenye adabu.

Akiwa na mdogo wangu peke yake, baba aliweza kuzungumza tangu chai ya asubuhi hadi alasiri. Sentensi moja, kimya. Sentensi nyingine, kimya, na jioni bado anatania. Lakini Ijumaa watu wakitoka msikitini walipanda kumjulia hali, watu wema wa mtaani na wa sokoni. Wa kwanza anavua viatu, anaingia. Shikamoo mzee. Marahaba. Pole na kuumwa. Nimeshapoa. Unaendeleaje? Alhamdulillahi. Wa pili anavua viatu. Shikamoo mzee. Hakuna aliyekaa sana, hakuna aliyeleta la kuudhi. Lakini wakishaondoka, baba alikuwa amegeuka rangi ya majivu, midomo inacheza bila sauti, na kesho yake yote hakuweza hata kuagiza maji ya kunywa. Ukiyajumlisha maneno yote aliyowajibu, yalikuwa machache kuliko aliyoyazungumza na mdogo wangu siku iliyotangulia. Nilikuwa nafua nilipoliona hilo, nikaacha nguo kwenye beseni nikakaa chini.

Nilimwambia asiwajibu kwa sauti, aitikie kwa kichwa tu. Alinitazama kama nimemwambia atoke nje bila kanzu.

"Mtu amesema anakushika miguu," alisema. "Utamwachaje na mikono yake hewani?"

Ndiyo asili ya neno shikamoo, nashika miguu yako. Wengi wetu tunalipitisha mdomoni kama kufukuza nzi. Baba alilisikia hivyo kila lilipotamkwa, kila mara kama mtu ameinama kweli.

Basi nikahamia mlangoni. Kila aliyekuja nilimwambia: ingia, kaa, mshike mkono, msomee dua, lakini usimwamkie. Wa sokoni walinielewa haraka, maana wengi wao walishauziwa betri na baba na walishaupata mfano wa pilau. Ndugu ndio waliochukia. Shangazi aliwasili kutoka Bagamoyo na kikapu cha samaki wa kukaanga, nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia sharti langu.

"Nini?" alisema.

"Inamchosha, shangazi."

"Shikamoo inamchosha?" Sauti yake nina hakika ilifika kwenye maduka ya vitambaa. "Tangu nizaliwe namwamkia kaka yangu, leo wewe unanifungia salamu? Kwani salamu ni jiwe?"

"Kwa hali yake ni gunia la mchele."

"Umechanganyikiwa na mabetri yako, wewe!"

Aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika kaka yake mkono na kububujikwa na machozi, mdomo ameuuma asije akaamkia kwa bahati mbaya. Sijawahi kumwona mtu akiteseka hivyo kwa kunyamaza. Baba alikuwa ameyasikia yote. Nilipompelekea dawa alinivuta kanga, akasema kwa tabu, "Pasi. Siku hizi umegeuka swichi." Nilicheka, nikaenda jikoni nikalia juu ya wale wale samaki.

Sharti nililowawekea wengine nilijiwekea na mimi. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kuianza siku bila kumwamkia baba, hata siku tulizokuwa tumenuniana, hata asubuhi niliyorudi nyumbani na sanduku langu baada ya talaka. Asubuhi ile nilisema shikamoo, akasema marahaba mwanangu karibu, na hakuuliza kitu kingine. Sasa nikawa naingia chumbani kwake asubuhi kimya, naenda miguuni mwake, nashika kidole gumba cha mguu wake chini ya shuka na kukiminya. Yeye ananyanyua nyusi. Tulikuwa tumeamkiana.

Siku moja alisema, "Siku hizi huniamkii."

"Nakuwekea akiba. Ndoa ikishapita nitakuamkia zote kwa pamoja."

"Kwa pamoja utaniua." Akapumzika. "Moja moja."

"Haya, moja moja."

"Polepole," alisema, akafumba macho.

Ramadhani ikapita, Sikukuu ikapita, ikaja siku ya ndoa. Viti vya kukodi vilipangwa chini uani na vingine koridoni kwetu juu. Sebuleni tulitandika mikeka. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemkalisha baba kama mtu anayefunga kusema. Hata mdogo wangu nilimzuia kumpigisha soga. Baada ya Alasiri wajomba walimbeba na kumkalisha kwenye godoro jembamba, mito nyuma yake, kanzu mpya, kofia yake ile ile ya dukani kwa sababu aliikataa mpya. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Niliacha upenyo wa jicho moja, na hakuna aliyethubutu kuniambia nisogee.

Sheikh alisoma hotuba fupi, kwa vile nilikuwa nimeshamwomba. Kisha mikono ya baba na ya bwana harusi ikashikanishwa. Watu wakanyamaza, hata huko mtaani nikaona kama honi zimepungua, ingawa najua si kweli.

"Nimekuozesha," baba alisema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Nimekuozesha binti yangu." Akamtaja jina mdogo wangu, jina lake kamili ambalo hatulitumii, na hapo pumzi ikamwishia.

Nikaona kifua kinapanda na kushuka chini ya kanzu. Sheikh akainama mbele, tayari kumsaidia. Baba mdogo naye akainama. Baba akanyanyua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kile kile alichokuwa akimnyanyulia mteja asiye na subira, na watu wote wakasubiri. Nyuma ya pazia mdogo wangu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nilijikuta nasema kwa midomo tu, pumzika, baba, pumzika, inarudi. Na kweli ikarudi.

"Kwa mahari mliyokubaliana," alisema.

"Nimekubali kumuoa," bwana harusi akajibu haraka, yule kijana mwenye maneno machache, kama aliyeogopa kumchosha mkwewe hata kwa kumsubirisha. Shangazi alipiga kigelegele cha kupasua masikio, wanawake wote wakadakia, na mimi nikateleza nikakaa chini ukutani kwa furaha. Nimewahi kufurahi kabla na baada ya hapo, lakini si namna ile.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniondoa mlangoni. Nilipofunua pazia na kutoka, wanaume wote walikuwa wamesimama na kumzunguka. Hongera mzee. Shikamoo mzee. Hongera sana. Bwana harusi ameletwa kumwamkia mkwewe, nyuma yake kaka zake, nyuma yao jamaa wa Tanga ambao hawakuwa na habari yoyote na sharti langu. Wangejuaje? Umemwoza binti, watu wanakuja kukushika miguu. Kungekuwa na kosa gani kubwa kuliko kuondoka bila kufanya hivyo? Na baba alikuwa anawajibu. Marahaba. Marahaba, baba. Marahaba. Alikuwa anatabasamu, na rangi ya majivu ilikuwa inampanda kutoka shingoni.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo jamaa wa Tanga wanausimulia. Niliwatoa wote sebuleni, baba mdogo, mashahidi na sheikh. Wajomba wakamrudisha kitandani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutafuta mtu.

"Kaka amezidiwa," shangazi alisema mlangoni, mkono mdomoni, na hapo ndipo nililisikia lile neno.

Nikampigia simu daktari. Alikuja jioni ile ile, akampima, akamchoma sindano, akasema tunaweza kumpeleka hospitali au tunaweza kumwacha alale kitandani kwake. Baba alisogeza kidole kuelekea kwenye mto. Tukamwacha kitandani kwake. Bibi harusi alimbusu kwenye paji la uso akaondoka na mumewe analia, na mimi nikamwambia asijali, baba yetu ni betri ya sola, akilala ataamka na kidogo alichobakiza.

Nililiamini hilo. Asubuhi alikuwa anapumua vizuri zaidi, rangi imerudi kidogo. Shangazi alikuwa amelala mkekani, amechoka. Nilikaa miguuni kwa baba nikimtazama, na nikapanga moyoni. Ndoa imepita. Hakuna tena cha kumwekea akiba. Akifungua macho nitamwamkia kwa sauti, na yeye ataniitikia, na kesho tena, moja moja kama tulivyopatana. Nilikuwa nimeitamani ile marahaba yake kiasi kwamba nilikuwa nikijizoeza kimoyomoyo nitakavyosema. Nikaenda jikoni kumkorogea uji, mlango wa chumbani kwake nikauacha wazi ili nimsikie akiamka.

Ndipo akaja mtu wa viti. Mtu mzima wa makamo, mpana wa mabega, hakuwa yeye aliyevileta jana yake. Alikuwa amekuja kukusanya vile vya koridoni. Nilisikia ndara zake ngazini, nikasikia "Hodi hapa," na kabla sijauweka mwiko chini akawa ameshafika usawa wa chumba cha baba, ameona mzee ameegemea mito, na akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya.

"Shikamoo, mzee wangu!"

Nilitoka mbio. Nikiwa koridoni nikamsikia baba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile ya dukani, sauti ya kumvutia mteja kigoda. Niliingia, nikaona macho yake yamefumbwa, mdomo umebaki umefunguka kidogo kama aliyekusudia kuongeza swali. Nilishika kidole chake cha mguu. Nikasema, "Shikamoo, baba." Nikasubiri, maana nilijua kusubiri kunasaidia. Nikasema tena. Mtu wa viti alikuwa amesimama mlangoni na viti vinne mkononi, na ni yeye aliyevishusha chini polepole bila kugonga sakafu, akavua kofia yake.

Viti havikuondoka. Vile vya uani vikabaki pale pale kwa ajili ya msiba, vikaongezwa turubai. Tukamzika baba siku ile ile baada ya Alasiri. Watu waliniambia pole, na mimi nikajibu nimeshapoa, kama inavyopasa, mpaka neno likakosa ladha. Mdogo wangu alirudi na hina mbichi mikononi. Sikumwambia kilichotokea asubuhi, wala shangazi sikumwambia. Nilikuwa na hasira, na wa kumkasirikia sikumpata. Sijui hata sasa kama nilikosea kumbania salamu. Pengine bila hivyo asingefika siku ya ndoa. Pengine angefika, na mimi ningekuwa na asubuhi zote zile. Dukani naweza kukueleza betri itakwenda saa ngapi kwa taa ngapi, hili siwezi.

Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nashuka ngazi na sinia la kahawa, nikamsikia yule mtu wa viti akizungumza na wanaume chini ya turubai. "Mimi nilimwamkia mwenyewe," alikuwa anasema, kwa aina fulani ya fahari. "Akaniitikia vizuri tu. Mzee wa watu. Akaniita mwanangu."

Niliweka sinia juu ya kiti nikaenda nikasimama mbele yake. Wanaume wakanipisha; wananijua. Yeye akainuka haraka.

"Pole sana, dada."

Sikusema nimeshapoa. "Alikuitikiaje?" nilimuuliza.

Alitazama huku na huku, kama anayetafuta amefanya kosa gani. "Alisema tu, marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sema tena," nilimwambia. "Polepole."